Herufi Tatu, Kurasa Kumi na Nane

Henry Bradley hakuwahi kusoma chuo kikuu. Kwa miaka kama 20 alikuwa karani wa barua katika kampuni ya visu mjini Sheffield, Uingereza, na lugha alizozijua, za kale na za sasa, alijifundisha mwenyewe. Karani huyo ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa wahariri wakuu wa kamusi kuu ya Kiingereza, ile ya Oxford, na ndiye aliyeangukiwa na mwanzo wa herufi S. Humo ndani kulikuwa na kitenzi kifupi kinachojulikana na kila mtoto wa Kiingereza: set. Bradley alipomaliza kukieleza, maelezo yake yalijaza zaidi ya kurasa 18, na kurasa zenyewe ni zile pana zenye safu tatu za maandishi madogo. Mafungu makuu ya maana yalifika 154. Fungu la mwisho, la set up, lilikuwa na vijifungu vingi hata alfabeti ikamwishia. Alipofika z akaanza upya kwa aa, bb, cc, akaenda hivyo mpaka rr.

Mwingereza hukitumia kitenzi hicho jua linapozama na saruji inaposhika. Hukitumia anapoandaa meza, anapotega mtego, anapounga mfupa uliovunjika, anaporekebisha saa, anapopachika kito kwenye pete, anapopanga bei, anapotunga mtihani, anapotia nyumba moto, anapoanza safari na anapomwachia huru mfungwa. Kiswahili kina kitenzi chake kwa karibu kila kazi niliyoitaja. Kiingereza kimezirundika zote juu ya silabi moja. Asili yake haina fumbo: kutokana na sit, yaani kukaa, mababu wa Waingereza walipata set, yaani kukalisha, kama sisi tunavyopata kalisha kutokana na kaa. Kukalisha kitu mahali pake ndiyo maana ya mwanzo, na nyingine nyingi zimechipuka humo. Kisha likaja neno la aina ya nomino linalofanana na kitenzi hicho kwa sauti, lile tulilolichukua sisi tukasema seti ya vyombo. Hilo lilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kundi la wafuasi, na halikuwa na undugu na kitenzi. Lakini watu waliyasikia mawili hayo kwa sikio moja, wakayachanganya, na leo ni kazi kujua mpaka wao uko wapi.

Wengi hudhani kwamba mtunga kamusi huteswa na maneno makubwa, yale ya madaktari na wanasheria. Jina la ugonjwa au la mdudu lina maana moja, nayo huandikwa ikaisha kabla ya chakula cha mchana. Kazi iko kwenye vitenzi vidogo, na wa kwanza kulieleza jambo hili kwa uchungu alikuwa Samuel Johnson. Mwaka 1746 alikubaliana na wauza vitabu wa London kuwatungia kamusi. Alitumaini kuimaliza kwa miaka mitatu, akakodi nyumba eneo la Gough Square, akaajiri wasaidizi sita wa kunakili. Kamusi ilitoka mwaka 1755, ikiwa na maneno zaidi ya 42,000. Kitenzi take peke yake alikipa maana 134. Katika dibaji alivitaja vitenzi vilivyomsumbua, vikiwemo put, set, go na run, akaeleza kwamba maana zake ni legevu mno, na kwamba maadamu watu wanaosema lugha wangali hai, maneno ya namna hiyo hayakomi kuhama. Nadhani hakuna aliyelisema jambo hili vizuri zaidi kabla yake wala baada yake, kwa sababu alikuwa ametoka kupigana nalo.

Johnson alifanya kazi kama mtu mmoja mwenye maktaba na kumbukumbu ya ajabu. Waliomfuata miaka 100 baadaye waliona mtu mmoja hatoshi. Mwezi Novemba 1857 kasisi Richard Chenevix Trench alisimama mbele ya Chama cha Filolojia cha London, akasoma mada katika mikutano miwili kuhusu kasoro za kamusi za Kiingereza. Hoja yake ilikuwa kwamba mtunga kamusi ni mwanahistoria. Si kazi yake kuamua neno gani zuri na lipi baya; kazi yake ni kusimulia maisha ya kila neno: lilionekana lini, likachukua maana gani, likaziacha zipi. Ushahidi wa maisha hayo umo vitabuni, na vitabu vya Kiingereza vya karne nyingi haviwezi kusomwa na mtu mmoja wala watu kumi. Ndipo likaja wazo la kuwaomba wananchi wajitolee kusoma.

Mhariri wa kwanza wa kamusi iliyozaliwa na wazo hilo, Herbert Coleridge, mjukuu wa yule mshairi maarufu, alitengenezewa kabati lenye visanduku 54, akiamini vikaratasi vyote vya ushahidi vitaenea humo. Alifariki mwaka 1861 kwa kifua kikuu, akiwa na umri wa miaka 30. Aliyempokea, Frederick Furnivall, alikuwa na moto wa kuanzisha mambo kuliko subira ya kuyapanga. Aligawa vitabu, akakusanya wasomaji, akatawanya vifurushi vya vikaratasi kwa wasaidizi kila upande, na mara nyingi hakujua nani ana nini.

Kazi ikaja kuokolewa na James Murray, mtoto wa fundi cherehani aliyezaliwa mwaka 1837 katika kijiji cha Denholm, Scotland. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akajiendeleza mwenyewe hadi akawa mwalimu katika shule ya Mill Hill, kaskazini mwa London. Mwaka 1879 alitia saini mkataba na matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford. Makubaliano yalisema miaka 10. Mizigo ya Furnivall ilipoanza kuwasili ilikuwa na uzito wa karibu tani mbili. Katika gunia moja alikuta panya aliyekufa, katika jingine panya hai na watoto wake. Vikaratasi vya herufi H vilikuwa Italia. Sehemu ya maneno yanayoanza na Pa ilipatikana katika zizi la farasi huko Ireland, na vingi vya vikaratasi hivyo vilikuwa vimekwisha kutumiwa kuwashia moto. Murray akajenga banda la mabati kwenye kiwanja cha shule, akaweka ndani visanduku 1,029, akaanza kupanga.

Akatoa pia tangazo la kuomba wasomaji wapya, na hapa ndipo ninapompenda zaidi Murray, kwa namna alivyomwamini mtu wa kawaida. Hakutaka digrii ya mtu. Alitaka kikaratasi kiandikwe sawasawa. Ni nusu ya karatasi ya barua. Juu kabisa, pembeni kushoto, neno lenyewe. Chini yake mwaka, mwandishi, jina la kitabu, ukurasa. Kisha sentensi nzima kama ilivyochapishwa, bila kuongeza wala kupunguza. Kikaratasi kisichokuwa na mwaka hakikuwa na faida kwake, kwa sababu bila mwaka hakuna historia.

Vikaja kwa mamia ya maelfu, kutoka kwa makasisi wa vijijini, walimu na wanawake waliokaa majumbani wakiwa na elimu isiyopewa nafasi. Thomas Austin alituma 165,000. Daktari William Chester Minor, aliyewahi kuwa mpasuaji wa jeshi la Marekani, alituma maelfu akiwa amefungiwa Broadmoor, hospitali ya wagonjwa wa akili waliotenda jinai, baada ya kumuua mtu mtaani London mwaka 1872 kwa sababu ya maradhi yake. Minor alikuwa na njia yake. Alitengeneza faharasa ya maneno kutoka vitabu vyake mwenyewe, kisha akauliza wahariri wako kwenye neno gani sasa, akawapelekea lile walilolihitaji wiki hiyo. Watoto 11 wa Murray nao walikua wakipanga vikaratasi kwa kulipwa senti za matumizi, na barua zilipozidi, posta ikasimamisha sanduku la barua mbele ya nyumba yake.

Lakini Murray aligundua pengo lililomtia hofu. Wasomaji walikuwa wanaokota vito na kuacha nafaka. Mtu akisoma kitabu jicho lake hunaswa na neno la ajabu. Neno analolitumia kila siku halioni. Kwa abusion, neno lililokwisha kufa, Murray alikuta vikaratasi vipatavyo 50. Kwa abuse, neno linalosikika kila siku barabarani, havikufika vitano. Ikabidi yeye na wasaidizi wake wafungue vitabu upya kutafuta mambo ambayo kila mtu alidhani yanajulikana. Kwa vitenzi kama set hali ilikuwa ngumu zaidi. Nani atasimama katikati ya hadithi nzuri anakili sentensi eti kwa sababu mtu ameandaa meza?

Vikaratasi vya neno moja vilipokusanyika, vilipangwa kwa aina ya neno, kisha kwa miaka, cha zamani mbele. Halafu mhariri alivisambaza mezani, akaanza kuvigawa mafungu kwa maana. Sentensi hii inafanana na ile? Hii imetokana na ile, au zote mbili zimetokana na nyingine iliyo katikati ambayo ushahidi wake haujapatikana? Kwa neno dogo fungu moja huzaa matatu, na mawili ya hayo hurudi kuungana. Sehemu ya kwanza ya kamusi, kutoka A mpaka Ant, ilitoka mwanzoni mwa 1884, miaka mitano baada ya mkataba. Bradley, wakati huo amehamia London karibuni, aliandika uchambuzi wa sehemu hiyo katika jarida, uchambuzi wa kina hata Murray akaona mtu huyu anapaswa kuwa ndani ya kazi. Hivyo ndivyo karani wa visu alivyoingia.

Mwaka 1885 Murray alihamia Oxford, akajenga banda jingine la mabati kwenye bustani yake, barabara ya Banbury. Jirani hakutaka limzibie mandhari, basi likachimbiwa chini ya usawa wa ardhi. Lilikuwa na unyevu na baridi kali, na Murray alikaa humo na koti zito, miguu ameitia katika sanduku ili upepo usimpate. Katika hali hiyo yeye na wasaidizi wake walipitia herufi moja baada ya nyingine.

Nikitazama kurasa za set naona hasa kwa nini zilirefuka hivyo. Kitenzi chenyewe ni sehemu tu ya habari. Kiingereza kina tabia ya kukibandika kitenzi kifupi kijineno kingine nyuma yake, up, off, out, in, about, na kila kikibandikwa huzaliwa karibu kitenzi kipya. Set off ni kuanza safari, na pia kulipua baruti. Set in hutumika mvua za masika zinapotua zikakusudia kukaa. Yeyote aliyesomea Kiingereza shuleni, Dodoma au Eldoret, anayakumbuka maumivu ya kukariri hivi. Bradley hakuweza kuvikwepa. Alilazimika kuonyesha kila kimoja kilianza mwaka gani, katika kitabu gani, kikatokana na kipi.

Murray alifariki Julai 1915 akiwa kwenye herufi T. Bradley alimfuata mwaka 1923. Kazi ikamaliziwa na William Craigie na Charles Onions mwaka 1928, miaka 71 baada ya mada za Trench, ikiwa na maneno 414,825 na nukuu 1,827,306. Kukafanywa karamu London, akahutubu Waziri Mkuu Stanley Baldwin. Wanawake waliotumikia kamusi hiyo kwa miaka mingi hawakukaribishwa mezani. Watatu kati yao, Edith Thompson, Rosfrith Murray na Eleanor Bradley, waliruhusiwa kukaa roshanini na kutazama wanaume wakila. Rosfrith na Eleanor walikuwa mabinti wa wahariri na wafanyakazi wa kamusi, na Edith alikuwa mmoja wa wasomaji wake wakubwa. Ilikuwa dhuluma, na historia ya kitabu hiki haijakamilika bila kuitaja.

Toleo la pili lilitoka mwaka 1989, juzuu 20, na set bado ilishika nafasi ya kwanza kwa urefu, maneno kama 60,000, maana zaidi ya 430. Kisha kamusi ikaanza kupitiwa upya kuanzia herufi M, na tangu mwaka 2000 matokeo yakawa yanatoka kwenye intaneti. Ndipo ufalme wa set ulipoanza kutikisika. Make ikaipita mwaka 2000. Put ikashika nafasi ya kwanza mwaka 2007. Mwaka 2011 ikafika zamu ya run. Mhariri Peter Gilliver alikaa na kitenzi hicho kimoja kwa miezi tisa, akatoka na maana 645.

Kwa nini run? Kwa asili ni mtu au mnyama anayekwenda mbio, na tangu zamani sana pia maji yanayotiririka. Mizizi yake ni ya Kiingereza cha kale, ikakutana na vitenzi ndugu vya Wanorse waliohamia Uingereza kuanzia karne ya 9. Hapo palikuwa na mambo mawili tayari, mwendo wa kiumbe na mwendo wa kimiminika, na kutoka hayo mawili yakatoka pua inayotoka kamasi, rangi inayochuja kwenye nguo, jahazi linalokwenda na upepo, ukuta unaofuata mto, mkataba unaoendelea kwa miaka kadhaa. Kisha zikaja mashine. Kinu kiki-run ni kwamba kinafanya kazi. Treni iki-run ni kwamba inakwenda kwa ratiba. Mwenye kiwanda akawa ana-run kiwanda, halafu duka, halafu serikali. Marekani mgombea wa kiti akawa ana-run, ilhali Uingereza hadi leo hutumia kitenzi cha kusimama. Zikaja kompyuta, na programu nazo zika-run. Set ni kitenzi cha kuweka kitu kikatulia. Run ni kitenzi cha kitu kisichotulia, na karne mbili zilizopita zimetengeneza vitu vingi sana visivyotulia. Kila kilipobuniwa kimoja, watu hawakungoja wataalamu wakipatie kitenzi. Walichukua kile walichokuwa nacho mdomoni.

Sisi wenyewe tunacho kitenzi cha aina hii. Tunapiga hodi, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga mbizi, tunapiga soga, tunapiga kambi, tunapiga kura, tunapiga mnada, tunapiga deki, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga marufuku. Kebo ya telegrafu ilifika Zanzibar mwaka 1879, na neno la Kiajemi lenye maana ya waya likawa simu, nayo simu ikapigwa. Kamera ilikuja, picha ikapigwa. Kilichotokea kwa run viwandani mwa Uingereza kilitokea kwa piga kwenye pwani yetu. Kitenzi cha kale cha mkono na fimbo kilipokea mashine moja baada ya nyingine bila kulemewa.

Na kamusi tunazo. Mmisionari Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufariki. Ilikuja ya Frederick Johnson mwaka 1939, kisha Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI mwaka 1981, na Kamusi Kuu ya BAKITA mwaka 2015. Zinaeleza maana na kutoa mifano, nazo zimetufaa sana. Lakini ukitaka kujua piga picha ilichapishwa mara ya kwanza mwaka gani, katika gazeti gani, hazikwambii. Hazina tarehe, na Murray alijua kwamba bila tarehe historia haiandikiki.

Ushahidi upo. Upo katika tenzi za kale na mashairi ya Muyaka wa Mombasa. Upo katika gazeti la Kiongozi lililoanza Tanga mwaka 1904 na Mambo Leo la Dar es Salaam la mwaka 1923, katika vitabu vya Shaaban Robert, na katika barua za mababu zilizofungiwa masandukuni kuanzia Lamu hadi Muscat. Kwa hiyo ninaomba jambo moja kwa walimu wa Kiswahili na wanafunzi wao, na kwa kila aliye na gazeti kuukuu nyumbani. Chukueni vitenzi vidogo, piga, kata, shika, tia, toa. Kila mnapokuta kimoja kwenye maandishi ya zamani, nakilini sentensi nzima kama ilivyo, andikeni mwandishi, chanzo, ukurasa na mwaka, kisha mpelekeeni mtu wa idara ya Kiswahili katika chuo kikuu kilicho karibu nanyi.